Vigelegele Nje ya Mpaka wa Bima

Bima ya vioo vya rangi vya kanisa la zamani ilipiga marufuku sauti yoyote inayozidi mnong'ono mtaa mzima, vioo visije vikapasuka. Kwa miaka ishirini Gaudensia, jirani wa kanisa, aligombana na mumewe kwa ishara, na mume alishindwa kila mara maana ana mikono mizito.

Binti yao alipoolewa, walivuka mto kufanyia harusi nje ya mpaka wa bima.

"Haya wifi, tupigie vigelegele mpaka kuku wahame," dada wa mumewe alimtania mama wa bibi harusi.

Gaudensia, hoi kwa maandalizi, akafumba macho na kufungua kinywa. Ulimi ulicheza vizuri sana, lakini ikatoka pumzi tu.

Binti akatabasamu kwa adabu, akamjibu kwa mikono: nimesikia, mama.