Kamongo wa Nyamizi

Tangu alipomzika mumewe, Nyamizi hakuimba tena kwaya. Asubuhi hiyo, alipokuwa akichimba udongo wa matofali na wifi yake, Kabula, jembe lake lilipasua bonge gumu. Ndani mlikuwa na kamongo, samaki wa matope, amejikunja.

"Amekauka huyo, hata paka atamkataa," alisema Kabula.

"Amelala, wifi. Kamongo huweza kungoja mvua mwaka mzima."

Alimlaza kwenye beseni la maji. Jua lilipanda. Samaki hakutikisika.

"Basi mwimbie aamke!" Kabula alicheka. "Si wewe sauti ya kwanza?"

Nyamizi alipiga magoti kando ya beseni. Mara pua ndogo ikajitokeza juu ya maji, mdomo ukafunguka, ukavuta pumzi.

Nyamizi naye, taratibu, akafungua kinywa.