Upande Mweupe wa Utepe

Kitu cha kwanza alichokiona binti ni kwamba utepe ulikuwa umechakaa upande mmoja tu. Upande wa njano ulikuwa umefifia kwa vidole vya wote waliowahi kupima miti kwa utepe ule. Upande mweupe uling'aa kama umetolewa dukani jana.

Hakusema kitu. Kazi yake ilikuwa kuzungusha utepe kwenye shina, usawa wa kifua, kutaja namba kwa sauti, kisha kuhamia mti wa pili. Aliyeandika ni dada yake, mchambuzi wa mazingira wa mradi ule wa msitu. Dada alikuwa amezoea ramani na kompyuta. Kupima miti kwa mkono ilikuwa mara yake ya kwanza. Alikaa kwenye kigoda, fomu zikiwa mapajani, akaandika bila kuinua kichwa.

"Sitini na tatu."

"Haya, unaofuata."

Jioni, wakipakia vifaa kwenye gari, dereva alianza utani wake. "Leo Bi Kimya ametaja namba mia mbili! Mimi nilidhani hana ulimi."

Dada alicheka. "Msimtwishe mengi jamani. Huyu hajui kitu, aliishia darasa la tano. Namba tu ndizo anazoziweza."

Alisema kwa upendo, kama mtu anayemfunga mtoto vifungo vya shati. Wote wakacheka. Binti naye akatabasamu, macho yakiwa kwenye viatu vyake.

Aliacha shule mama yao alipopooza, ikabidi mtoto mmoja abaki nyumbani kumgeuza kitandani na kumlisha. Dada alikuwa wa kwanza darasani, kwa hiyo akaendelea. Hakuna aliyeuliza mdogo mtu alikuwa wa ngapi.

Walipima kitalu cha saba cha msitu kwa wiki tatu. Ripoti ya miti ya kukatwa ikaandikwa, ikapelekwa, ikagongwa muhuri. Miezi miwili baadaye misumeno ikaingia.

Siku ya nne ya ukataji, mkuu wa mradi aliwaita wote kitaluni. Walimkuta amesimama katikati ya visiki. Vilikuwa vyembamba, vibichi, bado vinatoa utomvu. Mkuu alichukua sufuria ndogo waliyochemshia chai wakataji, akaiweka juu ya kisiki kimoja. Ikakifunika chote.

"Ripoti inasema mti huu una unene wa sentimita sitini na tatu," alisema. "Una ishirini. Hapa tunakata uliovuka hamsini tu. Mmenikatia watoto."

Akanyoosha mkono.

"Leteni utepe."

Aliletewa. Akaugeuza huku na huku, kisha akaunyanyua juu wote wauone.

"Upande wa njano unakupa unene wa mti, toka ubavu huu hadi ubavu ule. Mweupe unakupa mzunguko wake, mara tatu ya unene. Nani alikuwa anasoma?"

Hakuna aliyemtaja, lakini wote waligeuka kumtazama binti.

"Si huyo wa darasa la tano?" mkataji mmoja akaguna. "Sasa mtu kama huyo unampaje utepe?"

Uso ulimwaka moto. Hakujua mikono aiweke wapi. Kila alipopeleka macho palikuwa na kisiki, na kila kisiki alikikumbuka kikiwa mti, kwa sababu alikuwa ameukumbatia.

Dada akasogea mbele.

"Mwacheni," alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia asome upande mweupe. Nilimwambia wa njano umefutika, utatuchelewesha. Yeye alitii tu. Na jina lililo kwenye ripoti ni langu."

Dereva akamwinamia binti sikioni. "Unamwona dada yako? Anakubeba mgongoni mbele za watu wote. Usije ukamsahau."

Binti alitikisa kichwa kukubali.

Mkuu alimgeukia dada. "Miaka yote hiyo ya chuo," alisema taratibu, "kumbe hujui kitu. Kesho usije. Leo rudisha vifaa."

Aliposikia maneno hayo binti aliinamisha kichwa, akakaa hivyo mpaka watu wakatawanyika.

Stoo ya vifaa ilinuka mafuta ya msumeno. Dada alivua buti za kazi, akazipanga chini ya rafu, moja kando ya nyingine, kana kwamba atazivaa kesho. Akaweka kofia ngumu juu ya buti. Aliyekuwa akilia ni mdogo mtu.

"Basi, mdogo wangu, basi. Mama tutamwambia mkataba umeisha."

Binti alilia zaidi.

"Nimezungumza na mkuu. Wewe utabaki. Watakupa kazi kwenye kitalu cha miche, huko hakuna kupima." Akamfuta uso kwa ncha ya kitenge chake. "Na usiwasikilize wale wakataji. Kosa la ile miti si lako. Wewe ungejuaje? Hukujua."

Binti aliuchukua utepe mezani, akaanza kuukunja polepole, upande wa njano ukiwa juu. Kidole gumba chake kikatelezea pale pale vilipopita vidole vya wengine wote.

"Nilijua, dada," alisema. "Tangu mti wa kwanza, uliponiambia nisome mweupe. Nilinyamaza ili siku moja na wewe uambiwe mbele za watu kwamba hujui kitu."