Mpokezi wa Makame

Siku ile bwege alikuwa Makame, na mwenyewe hakubisha. Sheria mpya ilimkuta kazini Moshi: asiyeona hatoki kituoni, wala nyumbani kwake, mpaka mtu aliyemwandikisha kuwa mpokezi wake aje kumtoa. Wenzake waliandikisha watoto wao. Yeye, kwa mahaba, akamwandikisha mkewe, Bi Rukia, asiyeona kama yeye. Bi Rukia naye, huko nyumbani, akamwandikisha Makame. Walichekeana kwenye simu kama wachumba.

Sasa treni ilikwisha kumshusha Korogwe, lango lilikataa kumfungukia, na msikitini bwana harusi na shehe walikuwa wakimsubiri aje kumwozesha bintiye.

"Nifungulie, bwana. Njia ya kwangu naijua hata nikiwa usingizini."

"Ni kwa usalama wako, mzee," mlinzi alisema. "Mpigie mama aje."

Makame akapiga, akainua simu mlinzi naye asikie.

"Mama, njoo umtoe mzee," mlinzi akasema. "Jambo dogo hili, mbona mnalikuza?"

"Mwanangu," Bi Rukia akajibu, "mlango wangu nao haufunguki mpaka yeye aje kunitoa. Wewe mwenye macho, hebu tuambie, nani atangulie?"