Ubao Unaobishiwa Hodi

"Mgongo wa gitaa tumekubaliana uwe wa mninga," alisema fundi Lukindo. "Sasa chagua uso, mama. Uso ndio unaoimba."

Mbele ya Semeni kulikuwa na mbao mbili nyembamba, msonobari mweupe na mwerezi mwekundu. Masikio yake yalikuwa yakififia mwaka hadi mwaka, naye alitaka gitaa litakaloimba naye hata siku atakapokuwa hasikii tena. Hilo hakuwa amemwambia mtu.

"Shika ubao pembeni kwa vidole viwili, kisha ubishe hodi katikati."

Akagonga msonobari, akasikia kama mtu anayekohoa ng'ambo ya mto. Akagonga mwerezi, kimya.

"Sisikii, fundi," akasema.

Fundi hakushtuka wala hakumwonea huruma. "Basi uweke shavuni."

Akauegemeza mwerezi kwenye mfupa wa shavu, akagonga. Mlio ukampitia menoni, ukashuka kifuani kama uji wa moto asubuhi ya baridi. Akagonga tena, kwa nguvu zaidi, huku akicheka.

Pazia la mlangoni likafunuliwa. Mshonaji wa chumba cha pili akachungulia, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Nimeitikia 'karibu' mpaka koo limenikauka," alisema kwa sauti kubwa. "Mgeni mwenyewe yuko wapi?"

"Ni mimi," alisema Semeni bila kuuondoa ubao shavuni. Akafumba macho, akabisha hodi tena.