Dumu Moja, Mtu Mmoja

Siku hiyo mjinga alikuwa Barisa, na mwenyewe hakatai. Kambi za nyikani hupokea watu kwa maji waliyobeba: dumu moja, mtu mmoja. Wao walikuwa watatu, yeye, mkewe na mtoto wao Guyo, wenye madumu matatu, na asubuhi alimaliza dumu zima kuosha gari, wasije wakadhaniwa maskini. Wakakata jangwa mchana kutwa, yeye akiimba.

Jioni lango likapima madumu, likakubali wawili.

“Guyo msimhesabu,” Barisa akamsihi mlinzi. “Mtoto huyu hunywa kijiko tu.”

Mlinzi akatikisa kichwa. Nje ya ua fisi walishaanza kulia.

Mkewe, Dansoye, akambeba mtoto. “Anayekunywa kijiko ndiye hufa kwanza, Baba Guyo. Rudi garini, ufunge vioo.”