Mtu Halipi Kuingia Kwao

"Mtu halipi kuingia kwao," Mutegi akasema, akakunja mikono langoni mwa hifadhi.

Veronicah, askari wa lango, alimtazama kwa subira. Alikuwa mzaliwa wa Kibugu, kwenye baridi ya majani chai, na bado hakuwa amezoea joto la pwani, sembuse Wameru wanaodai bahari.

"Mzee, hapa hata askofu analipa."

"Askofu si wa Mbwaa."

Basi Veronicah akasomewa historia. Kwamba Wameru walitoka Mbwaa, kisiwa cha pwani, wakavuka maji kwa miguu hadi mlimani. Kisiwa chenyewe ni kipi, wasomi wanabishana hadi leo. Mutegi alikuwa ameumaliza ubishi huo kwake Mitunguu, huko Umeruni, akikata ndizi. Mikoko hii ilikuwa ya babu yake. Magofu yale ya mawe, ya babu yake. Kasa nao, wakiulizwa vizuri, wangemkumbuka.

Nyuma yake dada yake Kaari alikuwa ameinua simu. Mutegi hakuwa na shaka kwamba ni video ya kikundi cha kina mama kanisani. Tangu washuke garini Kaari hakuwa ameitazama bahari hata kidogo, alikuwa akihangaika kutafuta network. Wanawake na simu, chanda na pete.

Alimvumilia, maana leo alikuwa na sababu. Siku hiyo hiyo wazee wa ukoo walitarajiwa kuketi Mitunguu kusikiliza kesi ya Kaari, aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kumshinda, akaomba kipande cha shamba la marehemu baba yao kando ya mfereji. Jibu la Mutegi lilikuwa fupi: aliyeondoka ameondoka. Lakini wazee huweza kulainika, kwa hiyo akamlipia dada yake safari ya pwani. Mlalamishi asipoonekana, kesi hufa. Kaari alikubali upesi, tena akashukuru. Mutegi alikaribia kuona haya, akajizuia.

"Lakini Mutegi," Kaari akasema nyuma ya simu, "hao babu zetu si walitoka hapa wenyewe? Mtu akitoka si ametoka?"

"Nani alikudanganya hivyo?" Mutegi akapandisha sauti ili Veronicah naye afaidike. "Kutoka si kukufa. Mtoto wa boma ni wa boma, hata akae huko nje miaka mia tatu. Akirudi, anapewa pahali yake."

"Hata wamama?"

"Hao ndio wa kwanza. Walivuka maji na watoto mgongoni. Nani ako na roho mbaya ya kuwaambia hawana pahali?"

"Rudia hapo mwisho. Upepo umemeza."

Alirudia polepole, mkono kifuani. Veronicah aliguswa, ingawa lango hakufungua.

Kaari hakuishusha simu. Aliigeuza tu, kioo kikamtazama kaka yake. Humo ndani, kando ya mfereji, wazee wa ukoo walikuwa wameketi kwa utaratibu, mmoja ameshika kamba ya kupimia.

"Tumesikia yote, Mutegi," akasema Mzee Kiambi, mwenyekiti wao. "Na sisi hatuna roho mbaya. Kaari, kaa huko uone bahari. Sisi tunapima."