Maana ya Mistari ya Tunu

Siku hizi ni sheria kila nyumba iwe na kifasiri, kidude cha ukutani kinachokueleza maana ya rapu yoyote inayochanwa humo ndani. Binti yangu Tunu alikuwa akiosha vyombo huku anachana kuhusu vumbi na barabara. Alipomaliza, kifasiri kikasema kwa upole:

"Maana: msanii amemchoka mama yake. Ataondoka."

Sufuria ikamponyoka.

"Mama, usikisikilize! Nilikuwa natafuta vina tu."

"Achana nacho. Kinajua nini?"

Tukacheka. Alipoingia kuoga, nilichukua kiatu chake kimoja nikakifukia kwenye ndoo ya unga. Nikiwa bado napangusa mikono, nikamsikia bafuni anachana tena, safari hii kwa kunong'ona, ukuta usisikie.